Waulizwe Kabla ya Kutozwa

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa wenyeviti wa mitaa na vijiji, watendaji, wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti: mbukwenyi!

Ahsanteni. Nitajitahidi nisiwachoshe, maana najua wengine mmetoka mbali na joto la leo ni kali.

Nimeitwa kuzungumzia jambo ambalo limeanza kusemwa karibu kila mtaa mpya wa jiji hili la Dodoma. Watu wamejenga kwenye viwanja vilivyopimwa, ramani inaonyesha barabara imenyooka, lakini ukifika pale unakuta majani na vichuguu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Hata hivyo zikishuka kwa nguvu saa mbili tu, zinaacha korongo ambalo bodaboda aliyembeba mjamzito hawezi kulivuka. Ndiyo maana wakazi wanasema: tumechoka kungoja greda. Tujiwekee mipaka, tujitoze wenyewe nyumba kwa nyumba, tuchonge barabara, tuchimbe mitaro, tuweke taa. Eneo la tozo maalumu, ndivyo mlivyoliita kwenye barua ya mwaliko.

Sina ugomvi na wazo hilo. Nimekuja na ombi moja juu yake: mkutano wa kuwasikiliza wananchi ufanyike wakati ambapo bado wanaweza kuikataa tozo hiyo. Ukiitishwa baada ya hapo, mtakuwa mmewaita kuwatangazia.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa afisa maendeleo ya jamii kijana, nilipangiwa kata moja ya huku huku kanda ya kati. Kijiji kimoja kilitaka zahanati, na kweli kiliihitaji. Kikao kiliitishwa wiki ya kwanza ya mvua za kupandia. Kila aliyejua thamani ya unyevu ule alikuwa shambani na jembe lake. Chini ya mbuyu tulikuwa kama watu arobaini, wengi wao wajumbe wa halmashauri ya kijiji na wazee ambao hawakuweza tena kulima. Ajenda zilikuwa nne, na hakuna hata moja iliyotaja mchango. Jua likiwa linazama tukafika kwenye "mengineyo". Mjumbe mmoja akasimama, akasema kila kaya itoe fedha kwa ajili ya kuanza boma, akataja na kiwango. Mwingine akaunga mkono. Katibu akaandika: wajumbe wote waliafiki kwa kauli moja. Na mimi nikaweka saini yangu chini.

Miezi mitatu baadaye mgambo wakapita nyumba kwa nyumba. Nilikuwepo walipofika kwa mama mmoja mjane, kwenye tembe la vyumba viwili. Alikuwa ameketi kizingitini anachambua mlenda. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mlikubaliana lini?" Mgambo akamnyooshea nakala ya muhtasari. Hakujua kusoma. Wakachukua jogoo, ndiye aliyekuwa karibu. Yule mama hakulia wala hakugomba. Aliendelea na kazi yake, ila mikono ilikuwa inatetemeka, na majani mazuri akawa anayatupa pamoja na mabua. Mikono ile naiona mpaka leo.

Boma lilifika lenta, likaishia hapo. Mara ya mwisho nilipopita, mwarobaini ulikuwa umeota ndani ya chumba kilichokusudiwa kuwa cha kujifungulia, na matawi yalikuwa yamezidi kuta. Wanakijiji hawakuwa na neno na zahanati. Walikataa kuongeza hata ndoo moja ya mchanga juu ya kitu ambacho machoni pao kilianza na jogoo wa mjane.

Nchi hii ina kumbukumbu ndefu ya mambo hayo. Wajerumani walipoleta kodi ya nyumba mwaka 1898, hapakuwa na mtu aliyeulizwa. Miaka ya 1940 kule Upare, utawala wa Waingereza uliongeza kodi nyingine iliyokuja kujulikana kwa jina la mbiru, ambayo mtu alikadiriwa kwa kutazamwa mali yake. Wapare walikuwa tayari kulipa kodi ya kawaida. Walichogomea ni makadirio yasiyo na kipimo wanachokijua, na mwaka 1945 walikusanyika kwa maelfu pale Same, na baadaye wanawake nao wakaingia kwenye madai hayo, mpaka mbiru ikafutwa. Baada ya Uhuru tulikuwa na kodi ya maendeleo, ile tuliyozoea kuiita kodi ya kichwa. Ilifutwa mwaka 2003. Vijana wa mlangoni pale hamuwezi kuikumbuka, lakini wazee hawa waliokaa mbele wanajua jinsi wanaume wazima walivyolala porini mgambo walipokuwa wakipita.

Na karibuni tu, tozo ya miamala ya simu ilianza kukatwa Julai 15, 2021. Watu wakalalamika, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kilio kilisikika, na hilo ni jema. Kilisikika fedha zikiwa zimeshakatwa.

Sasa waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo wengi wanapoteleza. Katiba yetu, ibara ya 138, inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa kisheria na kutiwa nguvu na sheria ya Bunge. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika maamuzi ya mambo yanayomhusu. Mtaa hauna mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Kuwa na muhuri wa mtaa hakukupi mamlaka ya kutoza. Mkitaka tozo ya lazima ndani ya jiji, pendekezo lenu lipite Kamati ya Maendeleo ya Kata, liende Baraza la Madiwani. Halmashauri itangaze kusudio la kutunga sheria ndogo na wananchi wapewe nafasi ya kuleta pingamizi. Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aidhinishe. Ichapishwe kwenye Gazeti la Serikali. Kijijini, halmashauri ya kijiji inapeleka mapendekezo yake kwenye mkutano mkuu, ambao ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, kisha halmashauri ya wilaya ndiyo inayoidhinisha. Nje ya njia hizo, mnachokusanya ni mchango wa hiari, na mchango wa hiari hauna mgambo.

Sheria, basi, inataka watu waulizwe. Tatizo letu ni namna tunavyouliza. Tangazo linabandikwa ofisini kwa mtendaji, mahali ambapo mtu hufika akiwa na shida tu. Linakaa siku saba, linafunikwa na la chanjo ya mifugo, basi. Halafu tunasema wananchi hawana mwamko.

Nimejaribu kutazama wenzetu wanafanyaje, na mfano ulionifundisha zaidi ni wa jimbo la California huko Marekani. Mwaka 1978 wapigakura wa jimbo hilo waliweka ukomo wa kodi ya ardhi na majengo, isizidi asilimia moja ya thamani iliyokadiriwa. Halmashauri zao zikabanwa kifedha. Mwaka 1982 ikatungwa sheria inayoruhusu sehemu ndogo yenye mipaka yake kujitoza kodi maalumu kwa ajili ya barabara, shule, zimamoto, bustani na mambo kama hayo. Sheria hiyo huitwa Mello-Roos, kwa majina ya wabunge wawili walioipeleka.

Utaratibu wake ndio nataka mwondoke nao. Kwanza, baraza linapitisha azimio la kusudio. Azimio hilo linataja mipaka, linataja kazi zitakazofanywa, na linaeleza namna ya kukokotoa kodi kwa uwazi kiasi kwamba kila mwenye ardhi anaweza kukaa nyumbani kwake akapiga hesabu ya kiwango cha juu atakachodaiwa kwa mwaka. Hayo yote kabla ya mkutano! Mtu anakuja kikaoni akijua tarakimu yake. Kisha tangazo linatoka kwenye gazeti, na mkutano wa hadhara unafanyika kati ya siku 30 na 60 baada ya azimio. Yeyote anaruhusiwa kupinga, kwa mdomo au kwa maandishi. Nusu ya wapigakura walioandikishwa wa eneo hilo wakipinga kwa maandishi, au wenye nusu ya ardhi, mchakato unasimama, na hauwezi kurudishwa kabla ya mwaka mmoja kupita. Usipozuiwa, bado kuna kura, na inahitaji theluthi mbili.

Mwaka mmoja wa kunyamaza! Hebu fikirini sisi tunavyofanya. Wananchi wakikataa leo, keshokutwa tunawaita tena, na tena, mpaka wanachoka, wanabaki wale wanaokubali. Halafu tunaandika kauli moja.

Lakini sheria hiyo ina tundu, na tundu hilo linatuhusu sisi wa Dodoma kuliko jambo lolote nililolisema. Eneo likiwa na wapigakura wasiofika 12, kura haipigwi na wakazi. Inapigwa na wenye ardhi, kura moja kwa kila eka au sehemu ya eka. Matokeo yake ni nini? Kampuni inayomiliki pori tupu inakubali kodi kwa kura zake yenyewe, inajenga nyumba, inaziuza, inaondoka. Anayelipa miaka yote inayofuata ni familia ambayo siku ya mkutano haikuwepo. Muuzaji analazimika kumwarifu mnunuzi kuwa nyumba ina kodi hiyo, na hilo linasaidia, lakini kuarifiwa unaponunua hakulingani na kusikilizwa.

Turudi nyumbani. Hili jiji limekua kwa upimaji, tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, na zaidi baada ya Dodoma kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018. Nendeni mitaa ya pembezoni mhesabu. Kiwanja kimoja kina nyumba na watu. Cha pili kina msingi, nondo zimepata kutu, mwenyewe yuko Dar es Salaam. Cha tatu ni majani na mawe ya mipaka, mwenyewe hajulikani. Cha nne ni cha mzee mwenyeji, ambaye shamba lake la mtama liliingia kwenye upimaji akabaki na kipande. Cha tano kina vyumba sita vya kupangisha, na ndani yake wanafunzi, mama lishe na mafundi.

Mkiitisha mkutano hapo, nani atahesabiwa? Tukihesabu kwa ukubwa wa ardhi, mwenye viwanja sita asiyelala hapa atamzidi nguvu mzee mwenye kipande. Tukihesabu wenye nyumba tu, mpangaji hatasikika, na ninyi mnajua mpangaji ndiye atakayelipa. Tulishaona: Agosti 2021 kodi ya majengo ilipohamishiwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisheria mdaiwa alibaki kuwa mwenye nyumba. Lakini anayeingiza namba za umeme kwenye mita ni mpangaji, na wapangaji wangapi mnaowajua walirudishiwa elfu yao?

Waswahili wana msemo, asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye harusi na kwenye mgawo wa nyama msemo huo unafaa. Kwenye tozo haufai hata kidogo, maana asiyekuwepo mkutanoni yupo siku ya kulipa.

Msimamo wangu ni huu, na anayeona vinginevyo atanijibu baadaye: kila kaya inayoishi ndani ya mipaka, iwe ya mwenyeji au ya mpangaji, iwe na sauti moja iliyo sawa na nyingine. Mwenye kiwanja asiyeishi hapa atafutwe, apigiwe simu, aandikiwe ujumbe, apewe nafasi ya kuleta hoja zake kwa maandishi zisomwe mbele ya watu. Tena atozwe zaidi kwa kiwanja kinachokaa majani, kwa sababu barabara ikichongwa thamani ya kiwanja chake itapanda bila yeye kushika jembe. Lakini asiwapigie wengine kura kwa wingi wa viwanja.

Baada ya lile kosa langu, nilipata nafasi ya kufanya vizuri mara moja. Kijiji kingine, safari hii ni kisima na pampu. Hatukuanza na mkutano mkuu. Tulikwenda kitongoji kwa kitongoji, jioni, watu wakiwa wamerudi. Tangazo tulilibandika kwenye mashine ya kusaga, kwa sababu hakuna kaya isiyopeleka nafaka pale. Likasomwa kanisani, likasomwa msikitini, likasemwa kilabuni kabla watu hawajachangamka. Kiasi tulichokuwa tumekifikiria tulikiandika kwa chaki ubaoni, pamoja na bei ya kila kitu: mabomba, saruji, fundi.

Kitongoji cha pili, bibi mmoja akainuka na fimbo yake, akasogea mpaka ubaoni, akaweka kidole kwenye mstari wa mchanga na kokoto. "Hivi navyo mnanunua?" Akageuka kwetu. "Mchanga uko mtoni. Kokoto tunagonga wenyewe. Futa." Mwenyekiti akanitazama, nikamwambia futa. Akafuta kwa kiganja, vumbi la chaki likamwagika kwenye shati lake, na watu wakapiga makofi kwa mara ya kwanza jioni ile. Mchango wa fedha ukashuka karibu kwa theluthi. Wasiokuwa na fedha wakaandikiwa ndoo za mchanga. Kitongoji cha nne walikataa kabisa, wakasema kisima kiko mbali nao, na walikuwa na haki: tukawatoa kwenye mpaka, hawakutozwa. Wao walikuja kuomba kuingia wenyewe mwaka wa pili.

Jambo lile lilichukua wiki saba. Kuna wakati nilipigiwa simu kutoka wilayani nikiulizwa kwa nini nachelewa. Lakini hakuna mgambo aliyetumwa hata nyumba moja, na mapato na matumizi yalibandikwa pale pale kwenye mashine kila mwisho wa mwezi, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari, na akina mama wakiwa kwenye foleni ya kusaga walikuwa wanayasoma kwa sauti na kuuliza maswali ambayo mkaguzi angeyaonea wivu.

Kuna mambo madogo ambayo mkiyapuuza yataharibu makubwa. Msiitishe mkutano Jumamosi asubuhi huku nusu ya watu wako mnadani Msalato. Msiitishe msimu wa kupanda. Msiweke tozo kwenye mengineyo, kamwe. Muhtasari usomwe wote kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, na waliopinga waandikwe kuwa walipinga, kwa idadi na kwa sababu zao. Tozo iwe na mwisho: mtaro ukiisha, nayo iishe. Nimeona michango iliyoanza kwa ajili ya choo cha shule ikaendelea kudaiwa choo kikiwa kimeshajaa.

Nimewaletea kitu. Wiki iliyopita nilikaa na mwenyekiti wenu pamoja na vijana watatu wa hapa, tukaandika mfano wa tangazo. Naomba niusome, kisha nikae.

"Kwa wakazi wote, wenye nyumba, wapangaji na wenye viwanja ndani ya mpaka uliochorwa hapa chini. Kuna pendekezo la kutoza kila nyumba kiasi cha shilingi zilizoandikwa hapa, kila mwezi, kwa miezi iliyoandikwa hapa, kwa ajili ya mtaro na barabara vilivyochorwa. Gharama ya kila kitu imeorodheshwa nyuma ya karatasi hii. Mkutano wa kusikiliza maoni utafanyika Jumapili, saa tisa alasiri, uwanja wa shule. Unaweza kukubali, kukataa, au kutaka pendekezo libadilishwe. Asiyejua kuandika ataandikiwa, kisha atasomewa alichosema. Asiyeweza kufika atafuatwa nyumbani. Siku hiyo hakuna uamuzi utakaofanywa."

Nafasi za tarakimu tumeziacha wazi, mtajaza wenyewe. Nakala ziko pale mezani, na kuna nyingine kwa herufi kubwa kwa ajili ya wazee. Ahsanteni sana.